Mfupa wa Tisa

Chuoni, Mwanza
24 Julai 1995

Mjomba Jilala,

Mwangaluka. Barua hii nimempa Constantine, yule dereva wa marobota ya pamba wa hapo kwenu Dutwa, kwa sababu posta ina safari zake. Majibu mpe yeye pia. Analala Mwanza kila wiki na chuo anakijua. Ila nakuomba kitu kimoja: juu ya bahasha andika jina lako tu. Pasaka uliandika “Kutoka kwa Jilala Maganga, Bingwa wa Mifupa”, na bahasha ilitembea bweni zima kabla haijanifikia.

Nina shida, na wa kuniokoa ni wewe. Mwalimu wetu wa anatomia ana mfuko wa kitambaa cheusi. Anatia ndani mfupa mmoja, wewe unaingiza mkono, huoni kitu, unapapasa, kisha unataja ni mfupa gani na ni wa kulia au wa kushoto. Mfupa wa paja hata mpishi wetu ataujua. Lakini kwenye kifundo cha mkono kuna vifupa vinane, vimepangwa safu mbili, vinne vinne. Safu ya nyuma: mashua, mwezi, pembetatu na njegere. Safu ya mbele, inayobeba vidole: meza kubwa, meza ndogo, kichwa na ndoano. Majina nayajua kama sala. Vikiingia mfukoni vyote vinakuwa changarawe. Juni nilishindwa. Nikishindwa tena Oktoba, nafunga sanduku.

Wewe hujawahi kuviona hata siku moja, maana watu huja kwako na ngozi zao. Lakini unavijua. Unafanyaje?

Msalimie shangazi Klementina.

Mpwa wako,
Specioza


Dutwa
9 Agosti 1995

Mpwa wangu Specioza,

Nimeandika jina tupu kama ulivyoagiza. Limekaa pale kwenye bahasha kama mtu aliyevuliwa koti mbele ya wageni.

Mwandiko wa leo usikusumbue. Kigoda changu kimevunjika mguu, naandikia gotini.

Swali lako ni jepesi, ndiyo maana halina jibu fupi. Unajua mimi ni wa shoto tangu kuzaliwa, ingawa mwalimu wa misheni alinichapa mpaka nikaandika kwa kulia. Basi katika kazi hii mkono wa kushoto ndio unaovuta. Wa kulia hauvuti, hausukumi, kazi yake ni kusikiliza. Hilo ndilo kosa lako: unaingiza mkono mfukoni kama mtu anayetafuta funguo. Weka kidole, tulia, acha mfupa ujitambulishe wenyewe.

Anza na hiyo njegere. Huku tunalima dengu, kwa hiyo mimi naiita dengu. Iko chini ya kiganja, upande wa kidole kidogo, na mkono ukilegea inacheza kama jino la mtoto wa miaka saba. Ukimpata huyo umeingia uani, wengine utawakuta wamekaa. Hiyo mashua sijaielewa, aliyeipa jina alikuwa na hamu ya samaki. Mimi naiita figo ya mbuzi. Imelala ndani ya kile kishimo kinachotokea chini ya gumba ukilinyoosha gumba.

Sasa na mimi nina swali. Nina mgonjwa hapa nyumbani, mwanamume, mtu mzima, si mjinga. Alikuwa juu ya gunia akishindilia pamba kwa miguu, akateleza, akaangukia kiganja. Leo ni wiki ya tatu. Nimefuata utaratibu wote. Nimemfunga vijiti, nimevunja mguu wa kuku, kuku naye nimemfunga vijiti vilevile. Sheria ya mji wangu unaijua: mgonjwa havuki uzio wa minyaa mpaka kuku atembee. Kuku ametembea tangu juzi. Mgonjwa bado. Hawezi kufungua kifuniko cha chupa. Hata ugoro, akijaribu kuuweka kwenye kile kishimo cha mkono wake wa kulia, machozi yanatangulia kabla ya chafya.

Na kuna jambo la ajabu. Wewe unasema vinane. Mimi siku zote nahesabu saba, huyo meza ndogo sijawahi kukutana naye, nimekubali yupo kwa heshima ya ada anayolipa mama yako. Lakini kwa mgonjwa huyu nimehesabu tisa. Nikibonyeza pale kwenye figo ya mbuzi, kuna kitu kinagongana na mwenzake.

Je, kuna watu wanaozaliwa na tisa?

Mjomba wako,
Jilala Maganga


Chuoni, Mwanza
3 Septemba 1995

Mjomba,

Nisamehe kuchelewa. Mazoezi ya wodini yametubana.

Dengu nimeipata! Nilimshika mkono Jenifer, tunayelala naye chumba kimoja, nikanyamaza kama ulivyosema. Akasema, “Wewe, kama unataka kuniomba sukari niombe tu, usinibembeleze.” Lakini nilikuwa nimeshaipata, na mlangoni pake nikaikuta na ndoano.

Kuhusu mgonjwa wako. Hapana, Mjomba. Akiwa na tisa, ujue mmoja kati ya wale wanane amekuwa wawili. Kwa maelezo yako ni mashua, hiyo figo ya mbuzi. Kile kishimo, kitabu chetu kinakiita kishimo cha ugoro. Sikutanii, inaonekana walioandika kitabu nao walinusa. Mtu akiangukia kiganja, halafu ukambonyeza pale akaruka, usibishane naye.

Mfupa huo una tabia mbaya. Mingine hupata damu kutoka pande nyingi. Huu damu yake huingilia mbele, upande wa gumba, ndipo inarudi nyuma. Ukikatika katikati, nusu ya nyuma inabaki imefungiwa, haina mlango mwingine. Mtu anakula, analala, anasalimia watu, huku nusu ile inakufa ndani ya mkono wake. Inatakiwa plasta, inayoshika mpaka gumba, na mapema. Wiki za mwanzo ndizo zenye maana.

Na kuku, Mjomba, nasema kwa adabu zote: kuku hana kiganja. Mguu wake ulipona kwa sababu ni mguu.

Mwambie mgonjwa wako aje Mwanza. Mwambie nitampokea. Hana haja ya kutaja jina lake kwangu.

Specioza


Dutwa
14 Septemba 1995

Mpwa wangu,

Nimemsomea mgonjwa barua yako. Amesikiliza kwa makini, kwa sababu hana kitu kingine cha kufanya.

Anakushukuru, na anasema haji. Anasema watu wa hapa wameambiwa miaka thelathini kwamba plasta ni kaburi la mkono: unaingia mnene, unatoka mwembamba. Akionekana nayo atamtazama nani usoni? Nikamwuliza, ni nani huyo aliyekuwa akiwaambia watu maneno hayo miaka thelathini? Akainamia vijiti vyake kuvikaza. Ni mtu wa aibu.

Hilo la kuku limenikaa vibaya. Nimemgeuza kuku pande zote nikitafuta kiganja. Una haki.

Acha nikupe habari za mji. Wiki iliyopita Salu, jirani yetu wa ng’ombe wengi, aliangushwa na mkokoteni, bega likatoka. Wakamleta wanaume wanne. Bega ni kazi ya muda wa kuvuta sigara moja, lakini inataka mikono miwili. Nikawaambia samahani, nina mgonjwa ndani, na sipokei mwingine kuku hajatembea. Salu akamtazama kuku. Kuku, mpumbavu yule, alikuwa anakimbiza panzi.

“Jilala,” Salu akasema, meno yameumana kwa maumivu, “huyo kuku wako mbona ana mbio kuliko mimi?”

Nikamjibu, “Mbio anazo. Uhakika ndio bado.”

Wakampeleka hospitali ya wilaya. Jioni alirudi, bega liko mahali pake, mkono umening’inizwa kwa kitambaa cheupe, akapita kijiji kizima polepole kama bwana harusi. Tangu siku ile kuku nimemfunga kamba nyuma ya ghala.

Jambo dogo la mwisho. Constantine anasema barua yangu alikukabidhi mkononi tarehe 11 Agosti, mchana, ukiwa umesimama na wenzako, na ukaitia mfukoni haraka. Jibu lako lina tarehe 3 Septemba. Sisemi kitu. Labda kalamu zimeadimika Mwanza. Huku soko huria limetuletea za kila rangi, ukitaka nitakutumia.

Jilala Maganga


Dutwa
16 Septemba 1995

Specioza mwanangu,

Ni mimi Klementina, mke wa mjomba wako. Tangu kisomo cha watu wazima sijaandika barua, nivumilie.

Hapa hakuna mgonjwa. Mgonjwa ni yeye.

Alianguka tarehe 19 Julai, pale kituo cha huyu mnunuzi mpya wa pamba. Gunia halikumhusu. Alipanda kuwaonyesha vijana jinsi ya kushindilia. Akateleza mbele ya watu wote, akainuka akicheka, na wao wakacheka. Alipofika nyumbani hakucheka.

Vifungo vya shati namfunga mimi. Ng’ombe nakamua mimi. Watu wakija na maumivu yao nawaambia amekwenda Mwanhuzi kutazama ng’ombe, na yeye yuko nyuma ya mlango amejiziba mdomo asikohoe. Miezi miwili hajavuka minyaa. Watu wanasema Mwanhuzi kuna nini?

Jana nilimkuta nyuma ya ghala, amemlaza kuku, ana jiwe. Alitaka kumvunja mguu wa pili, ajipatie muda. Hakumvunja. Usidhani alimhurumia. Mkono haukuweza kushika jiwe. Lilimdondoka, akaliokota, likamdondoka tena. Kuku ametulia tu anamtazama.

Mimi maneno yake siyawezi. Wewe mwanangu una shule, tafuta njia ya kumtoa.

Hajui kama nimekuandikia.

Klementina


Chuoni, Mwanza
22 Septemba 1995

Mjomba,

Kalamu zipo.

Barua yako ya Agosti niliisoma siku ileile, na nilijua ni wewe kabla sijafika mwisho. Watu wote huweka ugoro juu ya mkono wa kushoto na kuchota kwa kulia. Ninayemjua anayeuweka kulia ni mmoja tu. Na kigoda chako ulikichonga mwenyewe kwa mti wa mkwaju, kikivunjika hicho nyumba nzima itakuwa imeshaanguka. Ule ulikuwa mwandiko wa mkono wako wa kushoto.

Nilijua, na sikukujibu. Mwalimu wetu ana picha za mikono iliyoharibika kwa kufungwa vijiti. Siku akituonyesha huuliza, “Nani hapa kwao kuna bingwa wa mifupa?” Darasa linacheka. Na mimi nilicheka, Mjomba, tena nilihakikisha wananisikia. Nikawaza ukija hapa watakuuliza kazi yako, na wewe utawaambia, kwa sauti ile yako ya mnadani. Nikajiambia huenda ni uvimbe tu. Nilijiambia hivyo siku ishirini na tatu. Halafu nikakuandikia kwamba wiki za mwanzo ndizo zenye maana, kana kwamba wiki hizo alizipoteza mtu mwingine.

Hata mwaliko wangu ulikuwa wa mwizi. “Hana haja ya kutaja jina lake.” Si wewe niliyekuwa nakustiri.

Constantine atapita Jumamosi tarehe 30, saa moja asubuhi. Atasimama mbele ya minyaa yako na kupiga honi. Nimeshamwambia asiondoke mpaka utoke, hata kama marobota yatachelewa. Kaa mbele, usikae juu ya mzigo. Umeshaanguka mara moja.

Nitakuwa getini. Wakiuliza wewe ni nani, nitawajibu mimi.

Specioza


Dutwa
28 Desemba 1995

Mpwa wangu Specioza, huko Mwanhuzi walikokupeleka kwa mazoezi,

Naona sasa kuna mtu wa ukoo wetu aliyefika Mwanhuzi kweli. Shangazi yako amefurahi, uongo wake umepata nusu ya ushahidi.

Naandika kwa kushoto, na safari hii sina kigoda cha kusingizia.

Kwanza mtihani wako. Umesema Oktoba uliingiza mkono mfukoni ukatulia mpaka mwalimu akatazama saa, kisha ukasema, “Mashua. Ya kulia.” Wabeja, asante sana. Nilimsomea Klementina mara mbili, mara ya pili hakuomba.

Siku ile ya hospitali sikukuambia vizuri, kwa sababu ulikuwa unalia na mimi nilikuwa nimekalia mkono wangu usionekane. Mwalimu wako aliponiuliza, “Mzee, kazi yako nini?” nilikuwa nimeshavuta pumzi. Lakini wewe ulinitangulia. Ukasema mbele ya wale wenye makoti meupe, “Ni bingwa wa mifupa. Ni mjomba wangu. Dengu nimefundishwa na yeye.” Wakabaki wanatafuta hiyo dengu kwenye vichwa vyao. Hakuna aliyecheka ila mimi.

Kisha wakanionyesha ile picha ya mifupa ya mkono wangu. Miaka thelathini nimepapasa gizani, sijawahi kuona. Nilihesabu. Nikamkuta meza ndogo, amejibana katikati ya wenzake kama mtoto kanisani, nikamwomba radhi. Nikaendelea kuhesabu. Vilikuwa tisa. Nilitaka kumwambia daktari kwamba mimi nilivihesabu bila umeme, lakini yeye alikuwa anatazama hicho cha tisa na uso wake haukuwa wa kuongea.

Plasta wamenikata Ijumaa tarehe 22. Nilirudi Mwanza na Constantine yuleyule. Mkono umetoka mwembamba, kama nilivyowaambia watu miaka yote. Nilisema kweli, na haikunisaidia kitu. Wamepiga picha nyingine. Nusu ya nyuma haikushika. Imekuwa nyeupe kuliko wenzake, na daktari anasema weupe huo ndio kifo chake. Maumivu yatapungua. Mkono hautakunjika zaidi ya hapo ulipo.

Usianze kuhesabu siku zako ishirini na tatu. Mimi nimehesabu zangu, tangu gunia mpaka honi ya Constantine: sabini na tatu. Na mimi ndiye niliyekuwa nalala na huo mkono. Tukitafuta mwenye deni tutakesha, na mwisho tutamkamata kuku.

Mkono unashika kijiko. Unasukuma mlango. Juzi Apolonia, yule wa karibu na shule, alimleta mama yake, kifundo cha mkono kimevimba. Klementina akanifungulia njia, sikujificha. Nilimshika yule mama, wa kushoto ukavuta taratibu, nikaweka wa kulia juu yake, nikatulia kama nilivyokufundisha. Nikangoja. Apolonia anaangalia, mama anaangalia. Ilikuwa kama nimeweka mkono juu ya ubao. Ngozi ilikuwa ya moto, hilo nililisikia. Chini ya ngozi, kimya.

“Mzee, vipi?” mama akaniuliza.

Nikamwambia aende hospitali ya wilaya, awahi, asipitie kwa mtu. Ndivyo ninavyowaambia wote sasa. Salu anasema nimeokoka.

Minyaa hii niliipanda mwenyewe mwaka niliooa, ili wagonjwa wasitoroke kabla ya siku zao. Imekua, imekuwa ukuta. Sasa sheria imekwisha, naweza kutoka saa yoyote, na sioni pa kwenda. Kuku nilimfungua siku ya Krismasi. Shangazi yako alikuwa ameshanoa kisu, nikamwambia katika mji huu mgonjwa hachinjwi. Kamba nimeichoma. Kuku bado anashinda pale nyuma ya ghala, anazunguka kigingi, akifika mahali kamba ilipokuwa ikiishia anageuka. Asubuhi nakaa kwenye kigoda namtazama. Hatuongei sana.

Likizo yako inaanza lini? Ukija usituletee sukari, mwachie Jenifer. Njoo na mkono wako wa kulia tu. Wa kwangu wa kushoto bado unavuta vizuri, jana umevuta ndama kutoka kwa mama yake. Unaokosekana ni mkono wa kusikiliza. Wewe utakaa kulia kwangu, mimi nitavuta, utaniambia unasikia nini, na mimi nitakuambia jina lake. Yale ya kitabu chako utayasema wewe.

Barua hii nampa Constantine, atakuwa na mzigo wa Mwanhuzi kesho. Juu ya bahasha nimeandika jina tupu. Safari hii hukuniagiza.

Mjomba wako,
Jilala Maganga